Kuni za Makur

"Sasa Asinyen, wamekupa ukubwa ama wamekuongezea kazi?"

Jirani yangu Apua aliniuliza hivyo mwaka wa 2012, kule Lodwar, alipopita nyuma ya nyumba ya wageni ya kanisa akanikuta nimeingiza kichwa ndani ya sufuria kubwa, nakwangua ukoko. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimefanywa mkuu wa jikoni. Apua alitaka kuniona nimekaa kitini, leso begani, nanyoosha kidole. Nikamwambia sijui kupika kwa kidole. Akacheka, akaenda kusimulia soko zima.

Mimi ni mjane. Nilisoma mpaka darasa la saba, na yale machache ninayoyajua kuhusu kuongoza watu niliyapata nikiwa nimepiga magoti. Asubuhi naomba, kisha naangalia ni kazi gani wenzangu wanaikimbia. Hiyo naianza mimi. Mwaka uliofuata njia hiyo ilikaribia kutufukuzisha kazi watu tisa, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimehamia Kakuma, nikapewa jiko la kituo cha mapokezi, pale wakimbizi wapya wanapolala kabla ya kuonyeshwa viwanja vyao. Tulikuwa na majiko sita ya mawe na udongo, na watu mia nane wa kulisha. Chakula cha mchana kilitakiwa kutoka saa saba. Sisi tulikitoa saa tisa, siku nyingine saa kumi, watoto wamelia mpaka wamelala.

Jumatatu moja Lopeyok, afisa wa shirika aliyekuja kutoka Lodwar kutukagua, alinivuta kando. Hakuwa mtu mbaya. Alinisalimu vizuri kwa Kiturkana, "Ejok, mama," kisha akaanza kutazama viatu vyake.

"Kuna mtu wa kandarasi huko Kitale," akasema. "Ana wapishi wake, ana majiko ya gesi. Ijumaa anakuja kuona. Chakula kikichelewa tena siku hiyo, mama, jiko nitampa yeye."

"Na sisi?"

"Mtarudi nyumbani."

Gervais, Mrundi mwembamba aliyesimamia maharagwe, alikuwa amesikia. "Nyumbani wapi, bwana afisa? Kwangu ni pale, hema la tatu. Nitafika kabla hujamaliza kunifukuza."

Lopeyok alicheka kidogo. Sisi hatukucheka. Kila mmoja wetu alikuwa na watoto waliokula kwa kazi ile.

Basi nikaangalia, kama kawaida yangu, nikaona shida iko kwenye moto. Kuni ziliisha haraka na sufuria hazichemki. Na kuni zilikuwa kazi ya Makur.

Makur alikuwa Mdinka, mrefu hata mlangoni aliinama, na kwenye paji la uso alikuwa na ile mistari waliyomchanja alipoingia utu uzima. Kwao mwanamume mwenye mistari hiyo hashiki mwiko wala hafunui sufuria. Alikubali kufanya kazi jikoni kwa ajili ya shoka tu. Alipasua magogo, akapanga, akawasha, kisha akakaa kando ametugeuzia mgongo. Gervais alimwita Mheshimiwa Moshi. Makur naye alimjibu bila kugeuka, "Koroga, mama Gervais, koroga."

Jumanne nilifika jikoni kabla ya Makur. Nikapasua kuni kwa panga. Nikazifunga, nikazibeba kichwani mizigo mitatu, nikawasha majiko yote sita, huku namshukuru Mungu kwa nguvu aliyonipa ya kumpunguzia ndugu yangu mzigo.

Makur alipofika alisimama mlangoni, shoka begani. Kando ya ua kulikuwa na wanawake wa Kidinka wakingoja uji. Mmoja alinitazama, akamtazama yeye, akasema jambo kwa lugha yao. Wenzake wakaziba midomo kwa viganja. Makur akageuka akaenda zake.

Siku hiyo tulitoa chakula saa tisa. Jumatano hakuja kabisa, tukatoa saa kumi na nusu.

"Hata moshi unamtafuta," Gervais akasema, macho yamemwiva.

Alasiri hiyo niliacha sufuria bila kuoshwa, nikatembea mpaka kwa Makur. Mke wake Adau alinipa kiti kwenye kivuli cha ukuta. Makur alikaa upande wa pili, amenipa bega.

"Baba Achan," nikamwambia, maana binti yao wa kwanza ni Achan, "nimekukosea. Sijui wapi. Niambie."

Makur akazidi kugeukia ukuta.

"Mwambie," Adau akasema. "Mama ametembea na jua yote hii."

"Mama," Makur akaanza polepole, "kwenu, kuni nani nabeba?"

"Wanawake."

"Kwetu pia. Mimi nilikuja jikoni yenu, jikoni ya wanawake na Gervais." Hapo Adau alikohoa kuficha kicheko. "Nikapata kitu moja tu ya mwanamume. Shoka. Sasa wewe umebeba ile kuni na kichwa yako, watu wanaona. Umefanya kazi yangu kuwa ya mwanamke. Mimi iko nini pale?"

Miezi mitano nimefanya kazi na mtu huyu na sikuwahi kuwaza kwamba ule msaada wangu ungeweza kumvua nguo mbele za watu. Nikapiga magoti pale pale mchangani, nimwombe msamaha.

"Mama, inuka!" Makur akaruka. "Inuka, inuka! Watu wanaona tena!"

Adau alicheka mpaka akashika ukuta. Na Makur, alipokwisha kuniinua, naye akacheka, ila kwa pua.

Ndipo nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza. "Moto wetu unaumwa nini?"

Alijibu upesi, kama mtu aliyekuwa amelishika jibu mkononi. Akachuchumaa, akachora mchangani majiko sita. "Mdomo ya jiko yote naangalia upande ya ziwa, huko jua natoka. Asubuhi upepo natoka huko. Naingia hapa, nasukuma moto, moto natoka nyuma. Upepo nakula kuni. Sufuria iko baridi."

"Ulimwambia mtu?"

"Yule mkubwa wa kabla yako. Akasema mimi ni wa shoka."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Wewe hukuuliza, mama. Wewe ulikuwa unaosha sufuria."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, nikaomba nalo. Nilikuwa nimejivunia ile sufuria. Mungu anisamehe.

Alhamisi asubuhi niliwakusanya wenzangu. "Leo mkubwa ni Makur," nikasema. "Akisema jambo, wa kwanza kulifanya ni mimi."

Gervais aliinua mwiko kama bunduki na kupiga saluti. "Mheshimiwa!"

Tulibomoa midomo ya majiko matatu huku matatu mengine yakipika. Makur alionyesha pa kufungua, upande wa ukuta usiopata upepo, na pa kuziba. Mimi nilikanyaga udongo kwa miguu. Ikatokea kwamba Gervais alikulia kwenye tanuri za matofali kwao Burundi, akasema udongo wetu utapasuka usipotiwa majivu na majani makavu. Walibishana nusu saa.

"Mdomo huu ni wa jiko ama wa kiboko?" Gervais akauliza.

"Nimepima na yako," Makur akajibu.

Mchana tukabadilisha, tukajenga matatu yaliyobaki. Makur aliwasha moto mdogo katika yote sita ili yakauke, akakaa nayo mpaka jua lilipotua.

Ijumaa yule mtu wa kandarasi alifika saa nne pamoja na Lopeyok. Alikuwa na kofia ya ngozi na tabasamu la mtu aliyekwisha kula. Hakuwa amesimama dakika kumi, malori mawili yakaingia uani kutoka mpakani Nadapal. Watu mia mbili zaidi, wengi wao akina mama na watoto, vumbi limewapaka nyusi. Hakuna aliyekuwa ametuambia.

"Basi," yule bwana akamwambia Lopeyok. "Hapo hata malaika watachelewa."

Nikamtazama Makur. Yeye alikuwa anatazama mioto.

"Mama! Kuni mbili tu hapo! Mbili! Toa ile!"

Nikatoa.

"Mama, jiko ya nne, rudisha nyuma!"

Nikarudisha. Upepo ulikuwa unavuma hasa, lakini ulipiga migongo ya majiko ukapita. Ndani moto ulikaa, umesimama wima, unalamba sufuria chini. Maji yalichemka mapema hata Josiane, mke wa Gervais, hajamaliza kuchekecha unga wa mtama. Saa tano na nusu maharagwe yalikuwa yameiva. Ilibaki kuyashusha ili tuweke sufuria ya ugali wa wageni wale mia mbili, na sufuria ile inataka wanaume wawili. Gervais alikuwa peke yake. Mimi nikaanza kwenda, kisha nikajizuia. Nikasimama.

Makur alitazama wanawake wa kwao waliokuwa kwenye foleni. Akalaza shoka chini. Akachukua magunia mawili ya kushikia.

"Shika upande yako, mama Gervais."

Wakainua pamoja. Mwanamke mmoja kwenye foleni alipaza sauti kumtania. Makur akamjibu kwa Kidinka, na foleni nzima ikaangua kicheko, kicheko cha kumpenda. Adau, aliyekuwa amekuja kuwapokea wageni, alinitafsiria: "Anasema hapiki. Anaondoa kitu juu ya moto yake."

Saa sita na nusu tulianza kupakua. Saa saba kasorobo hata wale wa malori walikuwa wanakula, na wale akina mama wakapiga vigelegele, bibi mmoja mzee akaanza wimbo wa kumshukuru Mungu, ukaenda mstari mpaka mstari hadi ukajaa ua wote. Josiane alilia ndani ya aproni yake. Mimi nilisema asante, asante, asante, sikuwa na sala nyingine.

Mtu wa kandarasi alinijia. "Mkubwa wa hapa ni nani? Yule mrefu?"

"Ni mimi."

"Wewe? Mfanyakazi anakufokea hivyo mbele ya wageni na wewe unanyamaza?"

"Alikuwa anajua nisichokijua," nikamwambia. "Karibu chakula."

Nikampakulia. Alikula amesimama, akitafuta jiwe kwenye maharagwe, akitafuta moshi kwenye ugali. Alimaliza sahani. Lopeyok akatazama saa yake, akatazama watu elfu moja waliokuwa wameshiba.

"Jiko linabaki na hawa," akamwambia. "Una la kusema?"

Yule bwana alitazama majiko sita yaliyoupa upepo mgongo. Akafuta mdomo, akanirudishia sahani kwa mikono miwili, akavaa kofia yake, akapita katikati ya wimbo ule mpaka langoni, akatoka.