Subiri Matangazo

Kila jioni, taa za barabarani zikianza kupepesa kabla ya kuwaka, Mkaguzi alikivuta kiti chake hadi pale zulia lilipochakaa, akavua viatu, akaweka miguu juu ya kigoda, akawasha televisheni. Kiti chenyewe kilikuwa kimoja. Mgeni alisimama au alikwenda zake.

Alikuwa amestaafu kazi ya kukagua nyama machinjioni. Maisha yake yote alipita kati ya ng'ombe walioning'inizwa, akibonyeza hapa, akinusa pale, kisha akagonga mhuri wa wino wa zambarau kwenye paja lililofaa. Nyama isiyofaa aliitazama tu, akasema, "Izikwe," ikazikwa. Kazi ya namna hiyo mtu haiachi kwa kuwa tu amekatiwa keki na kupewa saa ya ukutani. Alipokosa nyama, alikagua filamu.

"Hii ina mafuta mengi, mfupa hamna," alisema kuhusu filamu ya mapenzi. Kuhusu ya vita alisema damu yake ni ya kupaka, kwani damu ya kweli haina haraka hivyo. Tamthilia ya mahakamani ilimkera: "Wakili analia kuliko wafiwa. Ukiona hivyo, ujue nyama imelala." Vipindi vya wanyama aliviheshimu, ila simba alimwona mvivu anayekula kwa sifa za ukoo.

Jioni moja aliipenda filamu ya kachero mzee, akasema, "Inafaa." Mhuri wa zambarau ukatokea begani kwa kachero. Kachero akajifuta kwa leso, wino haukutoka, akaendelea kumhoji mshukiwa. Tangu hapo watu wa kwenye skrini walijua wanatazamwa na nani, wakawa wanamsikiliza.

"Usifungue mlango huo, mwanangu," alimwambia binti wa filamu ya kutisha. Binti akaachia kitasa, akasema, "Ahsante, mzee," akarudi kulala. Filamu ikaishia hapo, kwa mtaa mzima.

Kinyozi wa nyumba ya pili alikuja kulalamika dirishani, mkasi ungali mkononi.

"Mzee, yule jambazi wa jana ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza mama yake anaishije."

"Basi ameacha ujambazi! Wateja wangu wamekaa jioni nzima wanamtazama akimwagilia maua."

"Yanaota?"

"Yanaota."

"Sasa unalalamikia nini?"

Kinyozi akafikiri, akarudi kumalizia kichwa alichokiacha nusu.

Matangazo ya biashara, Mkaguzi aliyahukumu kwa mkupuo mmoja. Alitazama la sabuni, akatazama la mikopo, akasema, "Haya hayafai kwa matumizi ya binadamu. Yazikwe yote." Hayakuonekana tena nyumbani mwake. Saa ya matangazo ilipofika, skrini ilivuta pumzi kidogo, kama mtu aliyemeza neno, kisha tamthilia ikaendelea.

Hukumu hiyo ilikuwa na dosari moja ambayo yeye hakuiona. Nyumba ile ilikuwa na sheria tangu watoto wake wakiwa wadogo: picha ikiwa inaendelea, hakuna kusema, mwenye neno angoje matangazo. Watoto walikuwa wamekua na kuhamia mbali, lakini sheria ilibaki, na mtu mmoja alibaki nayo.

Huyo alikuwa mdogo wake wa kike. Alikuja na mkoba mmoja kumuuguza mke wa Mkaguzi. Mke akafa, watoto wakahitaji kulelewa, mkoba ukapandishwa juu ya kabati ukae kidogo. Watoto walimwita Shangazi, na kaka yake naye akamwita Shangazi, mpaka jina lake la kuzaliwa likakauka kwa kukosa mtumiaji. Filamu alizisikia akiwa jikoni. Naye alikuwa na maoni yake, ila aliyaambia masufuria. "Huyo anayecheka kabla ya kusema ni mwongo," aliiambia birika, na haikupita muda mwongo alikamatwa sebuleni, kaka mtu akashangilia ujanja wa mtunzi.

Sasa Shangazi alikuwa amepata mchumba. Ile saa ya ukutani ya kustaafu ilikuwa ikisimama mara kwa mara, na kila iliposimama aliipeleka kwa Fundi Saa, kwenye kibanda kilicho pembeni mwa posta. Ilifika wakati saa ikawa inasimama ikiona tu amevaa viatu vya kutokea. Fundi alimwambia, "Jumamosi jioni nahamia mji wa pili. Huko watu wangali wanavaa saa. Twende wote. Lakini nataka neno la kaka yako. Siwezi kumchukua mtu mzima kama kuku wa wizi."

Shangazi akarudi nyumbani, akapika chai, akasimama ukutani na sinia.

"Kaka, nina neno."

"Subiri matangazo."

Akasubiri. Chai ikaota utando. Skrini ikavuta pumzi, picha ikaendelea, mpaka Mkaguzi akazima na kwenda kulala akiwa ameridhika. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Pale ukutani alipoegemea, rangi ilikuwa imefifia tangu zamani kwa umbo la mabega yake.

Siku hizo palikuwa na tamthilia ya jumba la tajiri. Wakazi wake walikuwa wamezoea kumgeukia Mkaguzi mambo yakiwawia magumu. Tajiri alimuuliza amrithishe nani, akajibiwa. Bibi harusi aliuliza kama gauni limemkaa, akaambiwa apunguze mikono. Mwishowe mtumishi wa jumba, mwanamke wa makamo aliyepita kila kipindi na sinia la vikombe, naye akainua uso.

"Na mimi je, mzee? Tangu mwanzo napita tu. Sijapewa hata neno moja."

"Wewe huna tatizo," alisema Mkaguzi kwa upole. "Humwagi kitu. Peleka chai."

Jikoni, kijiko kikaanguka.

Jumamosi ikafika. Mwanga wa machweo uliingia dirishani na kuikuta buluu ya skrini katikati ya chumba, sebule yote ikawa rangi ya wino wa mhuri. Shangazi alitoka na sinia la birika na kikombe mkono mmoja, mkoba mkono wa pili.

"Kaka, basi linaondoka."

"Matangazo, Shangazi, jamani! Hapa ndipo penyewe."

Ndani ya skrini mtumishi alikuwa akipita. Akasimama, akamtazama Shangazi, sinia kwa sinia.

"Ndivyo anavyokujibu siku zote?"

"Siku zote."

"Nyuma ya bustani yetu kuna lango, linatokea barabarani. Mabasi hupita hapo. Njoo upitie huku."

"Na wewe, dada?"

"Mimi natoka. Vikombe vya huku vyote ni vitupu. Miaka yote nabeba chai isiyokuwepo. Hiyo yako, naona, ina mvuke."

Shangazi akaweka chai mezani, akapandisha gauni kidogo, akakanyaga kigoda katikati ya miguu ya kaka yake, akaingia.

"Unaniziba," alisema Mkaguzi.

"Samahani, kaka."

Mtumishi akapishana naye, akateremka zuliani, akaliokota sinia lenye chai kutoka mezani na kwenda kusimama ukutani.

Mkaguzi akasogea mbele. Kwenye skrini mwanamke mwenye mkoba alikuwa akivuka bustani polepole, majani yakiinama kumpisha kabla hajayagusa. Sura yake alihisi kuijua, lakini hakuweza kuiweka mahali. Kwa miaka mingi nyumbani kwake ilikuwa ikifika mikono tu, na kikombe ndani yake. Mwanamke akafungua lango. Barabarani alisimama mwanamume na sanduku lililokuwa likigonga kwa sauti za saa nyingi, na nyuma yake basi lililowasha taa.

"Kaka yako amesemaje?" aliuliza mwanamume.

Mwanamke akashika mkoba kwa mikono miwili. Akageuka, akatazama nje ya skrini moja kwa moja.

"Kaka yake ni mtu wa namna gani?" alifoka Mkaguzi. "Mwanamke amesimama na mkoba, mtu kashindwa kutoa neno moja! Hawa wanafaana, hata kipofu anaona. Inafaa! Nendeni!"

Mihuri miwili ya zambarau ikatokea, mmoja begani kwa kila mmoja. Fundi aliugusa wake, akaona wino ni wa kweli, akasema neno hilo linatosha. Wakapanda. Basi likaondoka taratibu, madirisha yake yakapita ukutani sebuleni kama samaki wa mwanga, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.

Mkaguzi akajifuta macho kwa kiganja. Akasema hajaona kipande kizuri kama hicho tangu astaafu. "Hiki kina mfupa," alisema. "Ila yule kaka wangemwonyesha, tumjue."

Akanyoosha mkono bila kugeuka, chai ikaja. Akanywa.

"Shangazi, leo sukari umezidisha."

Mwanamke wa ukutani akalipandisha sinia kifuani. Mvuke uliobaki kwenye birika ulikuwa ukimpasha kidevu joto, jambo geni kwake. Alingoja muziki utulie.

"Mzee," alisema, "na mimi nina neno."

"Subiri matangazo."

Akaegemea pale rangi ilipofifia, mabega yakaenea sawasawa. Skrini ikavuta pumzi, na tamthilia ikaendelea.