Ufaulu Asilimia Mia

Ukishuka stendi ya Kibiti, kabla vijana wa bodaboda hawajakuuliza unakwenda wapi, Badru ameshakutazama. Yuko juu ya bango, mkubwa kuliko duka la dawa lililo chini yake, kavaa koti jeupe, kipimo cha mapigo ya moyo kimemning'inia shingoni, anatabasamu. Chini ya miguu yake pameandikwa: Ingia mwanafunzi, toka mtaalamu. Ufaulu asilimia mia. Lipa kidogokidogo.

Abubakary alipoliona bango hilo aliinamisha macho, akajifanya anatafuta begi lake. Tabasamu lile alilijua. Siku ile ya picha Badru alikuwa ametoka kulia.

Haya, twende taratibu. Abubakary ni mwalimu wa chuo cha afya chenye bango hilo, anafundisha somo la uzazi. Alipoanza kazi chuo kilikuwa na vyumba vya kubana na mkuu mkali kama pilipili. Mwanafunzi asiyejua kumpima mama mjamzito alirudishwa nyuma mpaka ajue, alie asilie. Kisha chuo kikauzwa. Mwenye mali mpya alikuwa muuza mabati, wodini hajaingia ila kwenda kutazama wagonjwa. Akaleta mkuu mpya mwenye suti ya kubana, na mkuu akaja na lugha yake. Mwanafunzi akaitwa mteja, kufeli kukaitwa hasara.

"Mteja hafeli, walimu wangu," alikuwa akisema vikaoni. "Mtu kaja dukani, kalipia sukari yake. Utamwambia hakufaulu kupata sukari?"

Na walimu wazima, watu na akili zao na vyeti vyao, wakacheka! Abubakary naye akacheka. Kicheko gani kile, astaghfirullah! Kicheko cha mtu aliyeshikilia mshahara wake kwa meno.

Badru ndiye aliyewaumbua wote, bila kujua. Alimfuata Abubakary ofisini mwenyewe, kofia mkononi. "Mwalimu, naomba nirudie mwaka. Mama mjamzito nikimshika tumbo sijui nilichokishika. Wenzangu nao wanabahatisha, lakini mimi naogopa." Kijana wa namna hiyo siku hizi utamtafuta kwa kurunzi mchana kweupe. Abubakary akalipeleka ombi kwa mkuu, na mkuu hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Akirudia, asilimia mia yetu tutaitupa wapi? Mpe B. Tena ana sura nzuri huyo, apelekwe akapigwe picha."

Abubakary akampa B. Kalamu ilikuwa yake na mkono ulikuwa wake, hakuna aliyemshikia. Badru alipoona matokeo alilia, wenzake wakadhani ni furaha, na mpiga picha akamsubiri afute macho.

Basi mwalimu wetu aligeuka, bango akalipa mgongo, akapanda bodaboda mpaka Nyamisati. Alikuwa likizo, anakwenda kumwona mama yake, Bi Sikudhani, kwenye kisiwa chao huko ndani ya delta. Begini alikuwa na doti ya kanga mpya kwa ajili yake. Gatini alimkuta shemeji yake, Maneno, mume wa dadake Mwantum, kamletea boti na anacheka peke yake.

"Shemeji, umekuja kwenye heri! Mwantum uchungu umemshika tangu alfajiri."

"Umemshikia wapi? Kwani hayupo Kibiti?"

Swali lilikuwa la haki. Mtoto wa kwanza Mwantum alizaa kwa kupasuliwa, na kliniki walishamwambia kwamba wa pili azaliwe palipo na chumba cha upasuaji. Familia nzima ilikubaliana kwamba mwezi ukifika atakwenda kusubiri kwa ndugu yao Kibiti.

"Kibiti akafuate nini tena?" Maneno akavuta kamba ya injini. "Zahanati yetu imepata tabibu. Mwanafunzi wako mwenyewe, Badru! Mama akasema, yarabi, tumpeleke mtoto kwa watu tusiowajua, na mwanafunzi wa kaka yake yuko hapa hapa?"

Boti ikaingia katikati ya mikoko. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa, mizizi inaanza kutoka nje na harufu ya tope inapanda. Maneno alizungumza njia nzima. Abubakary hakusikia hata neno.

Nyumbani palikuwa kama pana shughuli. Wanawake wa jirani wamejaa ukumbini, wengine wanachekecha unga, wengine wanamtania Mwantum kupitia pazia la chumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, daktari wa madaktari!" Bi Sikudhani akapokea kanga, akainusa, akaibusu, akairudisha begini. "Hii nitajifunga siku ya arobaini ya mtoto."

Badru akatoka chumbani. Kakonda, hafanani na wa kwenye bango. Alipomwona mwalimu wake hakutabasamu.

"Na huyu kijana ana adabu, wewe!" Bi Sikudhani akawageukia wenzake. "Kila siku ananiambia, 'Mama, mimi sijui vizuri, mpelekeni Kibiti.' Wenye elimu ya kweli ndivyo walivyo, hawajikwezi. Nikamwambia, mwanangu, aliyekufundisha nimemnyonyesha mwenyewe. Kama yeye kakupitisha, basi umejua."

Wanawake wakaitikia, ndivyo, ndivyo. Loo! Kijana wa watu kapiga kelele ya kweli, na kweli yake ikachukuliwa kuwa unyenyekevu. Tena kwa heshima ya nani? Ya Abubakary, aliyesimama pale anatazama vidole vyake vya miguu.

Akasogea kwenye pazia. "Mwantum, unajisikiaje?"

"Uchungu ni uchungu, kaka," sauti ya dadake ikajibu. "Ila hapa kwenye mshono wa zamani panauma hata uchungu ukitulia."

Hilo ndilo alilokuwa akilifundisha kila mwaka mbele ya ubao: mama mwenye kovu, kovu likiuma kati ya uchungu na uchungu, usingoje.

"Mama, twende Kibiti."

"Kwa nini?"

"Kwa usalama tu."

"Usalama gani unaoshinda huu? Mwanafunzi yupo, mwalimu yupo."

"Hospitali kuna vifaa, mama."

"Vifaa ndivyo vinavyozaa? Nimpandishe botini mtu mwenye uchungu, azalie majini? Acha mambo yako, Abuu."

Kila neno alilotoa lilikuwa nusu, na mama yake si mtu wa kununua nusu neno. Maneno alikuwa amesimama mlangoni, kicheko kimemwisha, anautazama mto. "Shemeji, kama ni kwenda, ni sasa hivi. Maji yakishaondoka hapa ni tope tupu mpaka jioni. Kama ni kukaa, niambie nikaifunge boti."

Badru akamshika Abubakary mkono, akamvuta mpaka nyuma ya jiko.

"Mwalimu, waambie. Mimi nimesema mpaka nimechoka, wanasema nina adabu. Wewe ndiye uliyefanya wasinisikie."

"Nikisema, Badru, hapa kisiwani nitaitwa nani?"

Badru akauachia mkono wake. "Kwa hiyo unapima? Dada yako upande huu, jina lako upande huu?"

Na kweli alikuwa anapima! Hilo ndilo la kutia kinyaa. Mkuu wa chuo hakuwepo, muuza mabati hakuwepo, wala haikuwa siku ya mshahara, na bado mtu mzima anasimama nyuma ya jiko la mama yake kupima. Ule uchafu aliodhani ni wa wakubwa, anaubeba tu kwa niaba yao, kumbe ulishakuwa wake. Alijiona kama chombo kilichokaa na samaki mbovu; hata umwage samaki, harufu inabaki.

Akarudi ukumbini. Hakukaa.

"Mama, Badru alifeli."

Ungo ukasimama mikononi mwa mwenye kuchekecha.

"Alifeli, akajua amefeli, akaja kuniomba arudie mwaka. Mimi nikampa alama za kufaulu. Si yeye peke yake, nimewapa wengi. Chuo kinataka ada zao, na mimi nilitaka mshahara. Hawezi kumsaidia Mwantum, na amewaambieni hivyo kila siku. Hajawadanganya. Mwongo ni mimi."

Bi Sikudhani hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akageuza uso, akatema mate nje ya mlango.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Nawe umenificha kweli mpaka mwanangu mshono unamuuma. Maneno! Boti!"

Walimtoa Mwantum na godoro lake. Boti ilikuwa imeshagusa chini, maji yamebaki mkanda mwembamba katikati ya mto. Maneno akaruka topeni, Badru akaruka, akaishika kamba ya mbele, akavuta huku tope likimfika mapajani. Wanawake wakakunja kanga, wakasukuma. Abubakary akaingia katikati yao. Mmoja wa wale waliokuwa wakiitikia ndivyo, ndivyo, akamwambia, "Sukuma, yakhe! Si ndiyo kazi yako, kusukuma wasioweza?" Hakuna aliyecheka. Mwantum alikuwa anaguna, na kila akiguna walisukuma kwa nguvu zaidi, mpaka boti ikapata maji na injini ikawaka.

Njia nzima Bi Sikudhani alimshika bintiye kichwa na hakumwangalia mwanawe. Nyamisati wakapata gari. Kibiti Mwantum akaingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji, na wao wakabaki kwenye benchi, tope linawakaukia miguuni. Badru alikaa sakafuni, anabandua tope mapajani.

Daktari alipotoka alisema mshono wa zamani ulikuwa umeanza kuachia. "Mngechelewa kidogo..." Akatikisa kichwa. Mama yu hai. Mtoto yu hai, wa kike. Alhamdulillahi. Bi Sikudhani akalia kwa sauti, akamkumbatia Maneno, akamkumbatia Badru.

Muuguzi akauliza kama wana kitambaa cha kumfunikia mtoto. Abubakary akawahi kufungua begi, akatoa ile doti mpya. Mama yake akaichukua mkononi mwake, akairudisha begini, akafunga zipu. Kisha akavua kanga yake ya kichwani, iliyopauka kwa kufuliwa, akampa muuguzi.

"Hii kuukuu," akasema, "lakini naijua ilikotoka. Nimesuka mikeka nikainunua."

Asubuhi yake Bi Sikudhani alitoka na chupa ya chai kumtafutia Mwantum uji, Abubakary akamfuata nyuma. Chupa ilipojazwa wakapita stendi, na Bi Sikudhani akasimama ghafla chini ya bango. Kusoma hajui, lakini sura hazimpotei.

"Huyu si Badru?"

"Ndiye, mama."

"Wameandika nini?"

Abubakary akatamani ardhi ipasuke. "Ufaulu asilimia mia."

"Maana yake?"

"Kwamba wote wamefaulu."

"Wote." Akalitazama koti jeupe, akalitazama tabasamu. "Na wote wameshapata vituo vya kazi?"

"Wengi wao."

"Mwenzao huyu alikuwa na bahati, mwalimu wake ni kaka wa mgonjwa." Akakaza kifuniko cha chupa. "Na huko waliko wengine, Abuu, nani anakwenda kuwaambia watu?"

Hakungoja jibu. Uji ulikuwa unapoa.