Ushuhuda wa Kasyoka

Mke wangu Kasyoka alipona mara ya pili mwaka wa 1988, na huko kupona nusura kutuponze.

Mara ya kwanza alipougua, hatukujua kuwa ni ugonjwa. Aliacha kiondo alichokuwa akisuka, akaacha maharagwe yaharibike shambani, akaacha hata kunigombeza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ndoa ya miaka arobaini na mitatu. Alilala tu akitazama ukuta. Hospitalini wakampa dawa ya kuinua moyo, akanyanyuka. Nasi, kwa werevu wetu, tulipoona anacheka tukaitupa. Baada ya miezi minne akarudi kwenye ule ukuta, na safari hiyo nilimlisha uji kwa kijiko kuanzia mvua za Novemba hadi Pasaka. Daktari wa kliniki alituambia wazi: kwa umri wa Kasyoka ugonjwa huu hupenda kurudi, kwa hivyo dawa itaendelea hata akiwa mzima, miaka miwili au zaidi, na asiiache bila kumwona yeye.

Kisha akaja Mutindi. Huyu ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu Kikima, na sauti yake inaweza kuita mbuzi kutoka kilima cha pili. Alitaka Kasyoka atoe ushuhuda Jumapili. Sasa, katika kanisa letu, anayeshuhudia kuponywa huwa ameacha dawa. Ndivyo watu walivyozoea. Ushuhuda wenye vidonge wanauona haujaiva. Kasyoka akakubali. Jumamosi jioni akaniambia hatameza tena, kwa kuwa hawezi kusimama mbele ya Mungu na uongo.

Mimi nina hasira za karibu, Mbooni nzima inajua. Nilifungua mdomo nimkemee, badala yake nikaanza kulia, mzee wa miaka sabini, kofia mkononi. Nikamweleza mambo asiyoyakumbuka: jinsi nilivyomsemesha asubuhi nzima bila kujibiwa, jinsi nilivyoogopa kwenda hata mtoni na kumwacha peke yake.

“Kasyoka,” nikasema, “ulikuwa hapa nyumbani na mimi sikuwa na mke. Sitaweza mara ya tatu.”

Aliingia chumbani, nami sikuthubutu kumfuata kuona kama amemeza.

Kanisani alisimama, kitambaa cheupe kichwani. Akamsifu Bwana, akawashukuru waliomwombea. Mutindi alikuwa tayari kwa vigelegele.

“Mungu ameniponya,” Kasyoka akasema. “Na dawa bado nakunywa, hata jana nimekunywa. Mtu asiseme nimeacha. Nikiacha, mume wangu Baba Mulei atakaa na mimi na bado awe peke yake.”

Vigelegele havikutoka. Mchungaji alikohoa, akaanzisha wimbo haraka haraka, nusu ya watu wakaimba na nusu wakatutazama. Njiani Kasyoka alitembea ameinamisha kichwa, akisema ameharibu ibada. Nilimwambia sijawahi kusikia ushuhuda mzuri kuliko ule, na nilimaanisha. Nampenda mwanamke huyu. Nikamshika mkono mchana kweupe, jambo ambalo wazee wa kwetu hawafanyi, na waliotaka kucheka wakacheka.

Jumatatu nilimwona Mutindi akipanda njia ya kuja kwetu, nikasimama mlangoni nikiwa nimejiandaa kwa vita. Alinisalimu kwa heshima, akapita hadi jikoni. Akaketi karibu na Kasyoka, akavuta ungo wa maharagwe na kuchambua pamoja naye. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, akasema kwamba tangu mumewe azikwe hapati usingizi wala hamu ya chakula, na hajamwambia mtu. Akauliza kliniki ni siku gani.

“Alhamisi,” Kasyoka akamwambia. “Usiende peke yako. Nitakupitia.”