Kioo kwenye Ukuta wa Bweni

Tangu Jumatano Vailet hakutulia mahali pamoja. Akishika kalamu, anainuka. Akitenga chai, inapoa mezani. Chuo cha ufundi alichosoma, kule Maisaka, kilimwomba azungumze Jumamosi kwenye kumbukumbu ya Mhandisi Sosthenes, aliyezikwa Bagara siku arobaini zilizopita. Siku hiyo hiyo bweni jipya la wasichana lingepewa jina la marehemu.

Alikuwa na mengi ya kusema. Alipotoka Dareda kuja kusomea ujenzi, msichana pekee darasani, wenzake walimwachia kazi ya kubeba maji ya zege. Mzee Sosthenes, mjumbe wa bodi ya wadhamini wa chuo, hakuwa mtu wa kuishia kwenye vikao. Alipita karakana kila wiki. Akamkuta na ndoo.

"Weka ndoo chini, mhandisi," alimwambia. "Njoo unisomee ramani hii."

Tangu hapo alikwenda naye kila alikojenga. Walipoondoa mbao zilizoshikilia dari mpya ya zege, mzee aliagiza chakula cha mchana kiliwe pale pale chini yake, naye akaketi katikati. "Kama huwezi kula hapa," alisema, "usimwambie mwenzako alale hapa."

Jumatano hiyo Vailet alikwenda kuliangalia bweni ili apate la kuandika. Nyuma, kwenye kona ya dirisha, aliona ufa unapanda upande upande kama ngazi. Alijua mzee aliukataa uwanja ule katika vikao viwili: udongo mweusi, mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Kikao cha tatu kilimkuta hospitalini, alikolazwa miezi mingi, na bweni likapitishwa.

Akafanya alivyofundishwa. Alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta. Ukuta ukitulia, kioo kinabaki kizima, ukisogea, kinakatika.

Alhamisi alikwenda mara mbili. Ijumaa mvua ilinyesha kutwa, akashinda dirishani. Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni, alikuta kioo kimekatika katikati. Ndani, msichana mmoja alikuwa akipiga deki.

"Dada, mlango wetu haufungi tangu wiki iliyopita," alisema.

Mkuu wa chuo, Cornel, alikuwa ofisini akifunga tai.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Hotuba iko tayari?"

"Kioo nilichobandika kwenye ufa wa bweni kimevunjika, mkuu. Ule ukuta unatembea."

Cornel alitazama nje, kwenye turubai na viti. "Dada Vailet, wageni wako getini. Hayo tutayazungumza Jumatatu."

"Na leo wasichana walale wapi?"

"Leo ni siku ya mzee. Usiiharibu."

Neno hilo lilimchoma. Alizunguka uwanja, akafika getini, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akamfuata mjane, Mama Rogathe, aliyekuwa ameshaketi mstari wa mbele, akapiga magoti kando yake na kumweleza yote kwa sauti ya chini.

Mama Rogathe alimgeukia. "Kule hospitali alirudia rudia habari ya udongo," alisema. "Nilidhani ni homa."

"Mama, nikisema hapa watu wataona nimemvunjia heshima."

"Na yeye angekuwepo?"

"Angekuwepo nisingehitaji kusema mimi. Angelisema mwenyewe."

"Basi nenda, mwanangu. Mimi niko hapa."

Alipoitwa, aliiacha karatasi kwenye kiti. Alisimulia ile ndoo na vile vyakula vya chini ya zege. Watu wakacheka, wengine wakafuta machozi. Kisha akatoa vipande viwili vya kioo.

"Mzee alikataa bweni hili kujengwa hapa," alisema. "Nilibandika kioo hiki kwenye ufa wa ukuta Jumatano, kikiwa kizima. Sasa mnakiona. Siwezi kumsifu hapa nikaficha alichokisema."

Mwenyekiti wa bodi aliinamisha kichwa. Mshereheshaji, kwa kutojua la kufanya, akamwita mjane aje kufunua kibao. Mama Rogathe alitembea taratibu, akalishika pazia lililokifunika, akaliachia.

"Jina la mume wangu lisubiri," alisema. "Watoeni watoto kwanza."

Akarudi kuketi.

Mchana huo pilau ilipoa kwenye masufuria huku wasichana wakihamisha magodoro kwenda bwaloni. Vailet alishika kitanda upande mmoja. Alitarajia akishasema atapata nafuu, lakini hakuipata. Ndipo wazo lilipomjia, pale pale mlangoni na chuma cha kitanda mkononi, kwamba mzee hayupo, na kwamba jambo kubwa kama hili hana wa kumpigia simu kumwambia. Machozi yakamtoka, wala hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Mtu alishika upande wa pili wa kitanda. Alikuwa Cornel, bila koti. Walikibeba mpaka bwaloni.

"Tulibomoe?" aliuliza Cornel.

"Sijui bado. Kesho tuchimbe kwanza tuuone msingi."

"Kesho Jumapili."

"Baada ya misa," alisema Vailet, akageuka kufuata kitanda kingine.