Kiingereza cha Kumlelea Ethel

Godfrey alimleta mtoto Masasi mwezi wa tisa, korosho zilipoanza kuanguka. Alikuwa dereva wa malori, mtu wa Ndola huko Zambia, na Kiswahili chake cha barabarani kilimtosha kusema aliyokuja kusema pale stendi: Cecilia hayupo tena, yeye mwenyewe yuko safarini kila wiki, mtoto hana wa kumtazama.

"Cecilia aliniambia kwenu mtoto ni wa ukoo wa mama," alisema, macho chini. "Basi nimemrudisha kwa ukoo wake, mama."

Yuster, mama yake Cecilia, alipokea begi la mtoto. Msiba wa bintiye, aliyekufa kwa ugonjwa, aliusikia kwenye simu, na mazishi hakuyafika. Ndola si Lisekese ya hapa Masasi, useme utaamka asubuhi uende. Tangu hapo watu waliendelea kumwita Mama Cecilia, naye akaendelea kuitika, ingawa kila wito ulimchoma. Alimshika mtoto mkono wakapanda gari la Newala, kwenda nyumbani.

Mtoto aliitwa Ethel, mwenye miaka saba. Alijua Kibemba na Kiingereza. Kiswahili alikuwa na neno moja tu, "Bibi", alilofundishwa na baba yake njiani.

Hapo ndipo uchovu wa Yuster ulipopata mwenzake. Mchana kutwa aliinama mikoroshoni, jioni akapanga foleni ya maji, na akifika nyumbani anamkuta mtoto analia kwa lugha asiyoijua. Ni tumbo? Ni njaa? Ni mama yake? Kiingereza cha darasa la saba kilishayeyuka zamani, kikabaki "good morning" ya kumwamkia mwalimu mkuu.

Akaenda kwa jirani yake, Mwalimu Rahima, aliyefundisha Kiingereza shule ya msingi. Rahima naye alikuwa hoi, na sauti imemkauka kwa kelele za darasa, lakini alitandika mkeka barazani.

"Mama Cecilia, tukisema tusome kamusi nzima tutazeeka wote. Tushike kitenzi kimoja kwanza. 'Take'."

"Hicho nakijua. Kuchukua."

"Kuchukua, ndiyo. Lakini kikipata mwenzake kinageuka. 'Take a bath' ni kuoga. 'Take off your shoes', vua viatu. 'Take your time', usiwe na haraka."

"Sasa kwenye kuoga nachukua nini, mwalimu?"

"Huchukui kitu, mama. Sisi si tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga magoti kanisani? Nani huwa anaumia?"

Yuster alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. Basi kila jioni akawa anakwenda pale mkekani, akirudia maneno huku usingizi unamvuta shingo. Yaliingia kwa shida na kutoka kwa urahisi.

Siku moja Ethel aliingia ndani na viatu vyenye udongo mwekundu. Yuster akajikaza kumwambia avue: "Take shoes!"

Mtoto alimtazama, kisha uso ukamchanua. Alivua viatu, akakimbilia chumbani akatoka na begi lake, akasimama mlangoni, viatu amevikumbatia kifuani. Ilimchukua Yuster muda kuelewa. Mtoto alidhani ameambiwa achukue viatu vyake, safari ya kurudi kwa baba imefika.

"Hapana, mama yangu. No. No," alisema, na hakuwa na neno jingine. Ethel alisimama pale mpaka begi likamshinda kulishika.

Baada ya hapo Yuster alitaka kuacha masomo. Aliona heri kunyamaza kuliko kumdanganya mtoto kwa bahati mbaya. Lakini kunyamaza nako kulimtesa, akarudi mkekani.

Jumamosi iliyofuata walikuwa shambani. Yuster aliokota mabibo, akanyofoa korosho na kuzitupa ndooni, mgongo ukimuuma. Ethel alikuwa amekaa juu ya gunia, akijitazama kwenye kioo cha simu ya bibi yake iliyozimika. Akasema taratibu, bila huzuni wala furaha:

"I take after Mummy. Daddy says so."

Mkono wa Yuster ulisimama. 'Take' alikijua. 'After' alikijua pia. Rahima alimfundisha, ni baada ya. Mummy nani asiyemjua? Akayaunganisha maneno yale, na kila alivyoyaunganisha yalitoka vilevile: nachukuliwa baada ya mama. Baba ndivyo asemavyo.

Kumbe ndiyo sababu Godfrey alikuwa hainui macho. Kumbe mtoto ana ugonjwa wa mama yake, na wamemleta afie kwao.

Aliacha ndoo palepale. Alimbeba Ethel mgongoni, mtoto mkubwa vile, akashika njia ya nyumbani huku akihema, asijibu salamu ya mtu. Alimkuta Rahima uani anafua.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

Yuster hakuitika marahaba. Alimshusha mtoto, akayasema maneno yale kwa matamshi yake mabovu, kisha tafsiri yake. Rahima alifuta povu mikononi.

"Sivyo, mama. Sivyo kabisa. 'Take after' ni kufanana na mzazi. Anasema amechukua sura ya mama yake."

"Haumwi?"

"Mtoto mzima huyu. Anajisifu tu."

Yuster alikaa chini kwenye mchanga uliolowa maji ya sabuni, akalia. Alilia kilio ambacho hakikupata nafasi siku ile ya simu, kwa kuwa siku ile kulikuwa na wageni wa kupokewa na uji wa kupikwa. Rahima alichuchumaa kando yake.

Ethel aliogopa, akamsogelea. Yuster alimtazama, akauona ule mwanya wa meno ya mbele, na masikio yaliyochomoza kidogo. Tangu stendi ya Masasi hakuwa amemtazama hasa. Alikuwa anamlisha na kumwogesha tu.

"Yes," alisema. "You take after Mummy." Akajigusa kifua. "Mummy take after me."

Ethel alimchunguza bibi yake, mdomo, kisha masikio.

"Took," alisema kwa sauti ndogo. "Mummy took after you, Bibi."

Yuster alimgeukia Rahima.

"Anakusahihisha," Rahima alisema, akasita. "Ukisema 'take', mtu bado yupo. 'Took' ni ya mambo yaliyopita."

"Yuko sahihi," alisema Yuster, na akamvuta mtoto pajani.

Kiingereza chake hakikufika mbali zaidi ya hapo. Mvua ziliponyesha Ethel alishaanza shule, na watoto wa mtaani walimfundisha Kiswahili kwa kasi, tena Kiswahili chenye Kimakonde ndani. Masomo ya mkekani yalikwisha yenyewe. Asubuhi moja wakienda shamba mtoto alimwambia, "Bibi, leo kaa, nitaokota mimi." Yuster alikaa juu ya gunia akanyoosha miguu, akamwachia.