Labda Ulizima Vibaya

Ofisini walimwita Daktari, ingawa wagonjwa wake wote walikuwa kompyuta, na jina hilo lilikuwa limemwingia kichwani kuliko alivyopenda kukiri. Ni yeye aliyebandika karatasi juu ya meza ya mafundi, kwa kalamu nene: ukibadilisha diski, washa mashine kabla hujafunga kifuniko, na ukishafunga, washa tena. Aliyesahau alisemwa mpaka akatamani ardhi ipasuke. Jumatatu ile asubuhi alikuwa amewasema mafundi wawili kwa mpigo, watu wazima wenye familia zao, mbele ya mhasibu aliyerudishiwa kompyuta ikiwa imekufa vilevile kama alivyoileta.

Hata pumzi haijamtulia, simu ikaita. Alikuwa baba yake.

"Mwanangu, samahani kukusumbua kazini," mzee alisema. "Kompyuta yangu imegoma. Inaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi, inasema haioni diski ya kuanzia. Jana asubuhi ilikuwa nzima. Sijui nimebonyeza nini."

Daktari alijua palepale.

Jana yake, Jumapili, mzee alikuwa amekwenda hospitali kumjulia hali rafiki yake. Daktari aliingia nyumbani kwa funguo zake mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Kompyuta ya mzee ilikuwa nzito kuwaka. Mzee alikuwa akibonyeza kitufe kwanza, kisha ndiyo anakwenda kupiga mswaki. Binti akataka kumshtukiza kwa zawadi. Akaweka diski mpya yenye kasi, akanakili kila kilichokuwa kwenye ile ya zamani, akaiwasha mashine diski zote mbili zikiwa ndani. Ikawaka kufumba na kufumbua. Akatabasamu peke yake kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, akachomoa diski ya zamani, akaitia mkobani, akafunga kifuniko na kuondoka, maana kutoka pale hadi kwake ni mwendo wa saa tatu na hakutaka giza limkute njiani.

Hakuwasha tena. Ile sehemu ndogo inayoiambia mashine ianzie wapi ilikuwa imebaki kwenye diski ya zamani, na mashine ilipowaka vizuri mara ya kwanza ilikuwa inaegemea diski hiyohiyo. Kosa lenyewe ndilo lililoandikwa kwenye karatasi juu ya meza, kwa mwandiko wake.

Sasa mafundi wale wawili walikuwa wamenyamaza, kila mmoja ameinamia kazi yake, lakini masikio yote yako kwake. Angesema "ni mimi, Baba," mambo yangeishia hapo. Angechekwa siku mbili, tatu. Wala tusimtetee, hakuna aliyemshika koo.

"Labda ulizima vibaya, Baba," alisema.

"Labda," mzee akajibu. "Inawezekana kabisa. Basi ukipata nafasi."

"Nitakuja Jumamosi."

Ili uone uzito wa maneno yale, lazima umjue mzee. Alikuwa mchora ramani za majengo mpaka alipostaafu, na kwa miaka kumi na moja tangu hapo alikuwa akitunga chemshabongo ya gazeti la Jumamosi: vile vyumba vyeupe na vyeusi ambavyo watu hujaza maneno huku chai inapoa. Kila Alhamisi alimtumia mhariri, hata wiki aliyomzika mkewe. Malipo hayakuwepo ya maana. Alitunga kwa sababu kaka yake, Baba Mkubwa, alianza kwa kusahau miwani na kumaliza kwa kusahau majina ya watoto aliowazaa, na mzee alikuwa ameapa kwamba siku akili yake ikianza kumtoroka atakuwa wa kwanza kujua. Chemshabongo ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Daktari alilijua hilo kuliko ndugu zake wote, kwa kuwa ni yeye aliyeambiwa.

Wiki ile hakula vizuri. Jumanne alishika simu akaiweka. Jumatano akapiga, akasema lile ni tatizo dogo sana, asijali. Mzee akasema hajali. Sauti yake ilikuwa ya upole, ule upole wa mtu anayeongea na mgeni, na Daktari akakata simu akajifungia chooni, akalia kwa hasira ya kujichukia. Alhamisi akajiambia kwamba jambo kama hili haliongelewi kwenye simu. Mwoga hakosi sababu. Jumamosi asubuhi, kabla ya kuondoka, alinunua gazeti. Pale palipokuwa mahali pa chemshabongo ya baba yake palikuwa na tangazo la magodoro.

Alimkuta mzee amevaa shati lililopigwa pasi, amekaa kiti cha sebuleni badala ya kile cha mezani. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Mpango wake ulikuwa tayari, na ulikuwa mpango wa mwizi. Alimwomba chai. Mzee alipoingia jikoni, akatoa bisibisi, akafungua kifuniko, akairudisha diski ya zamani mahali pake na kuwasha. Mashine ikawaka bila kinyongo. Kilichobaki ni kuhamishia ile sehemu ndogo kwenye diski mpya, dakika kumi hivi, na hakuna ambaye angejua lolote mpaka kiama.

Mzee akaja na vikombe viwili. Akakitazama kioo, picha ya mkewe ikiwa pale nyuma kama kawaida, na hakuonyesha furaha yoyote.

"Ahsante," alisema. "Sasa nisaidie kumwandikia mhariri barua ya kuaga. Nitaisema wewe uiandike, mimi nisije nikaharibu tena."

"Kuaga kwa nini?"

Mzee akachukua daftari la shule kutoka juu ya kabati, akamkabidhi. Daktari akafungua. Kurasa saba zilikuwa zimejaa ule mwandiko wake wa mchoraji, herufi zimesimama wima. *Jumapili. Niliwasha saa moja na nusu. Nilizima saa tatu kasoro: je, nilingoja kioo kizime? Sikumbuki. Je, nilichomoa waya? Nadhani hapana. Nilirudi saa kumi na moja. Je, niliwasha jioni nikasahau?* Ukurasa uliofuata yaleyale, kwa maswali mapya. Jumanne alikuwa ameandika: *Jana niliacha taa ya bafuni inawaka.* Jumatano: *Nimesahau jina la muuza duka, nikalikumbuka baada ya nusu saa.*

"Daktari ataniuliza, ndiyo maana nimeandika," mzee alisema. "Daktari wa kweli, si wewe. Nitamwona Jumatatu. Kaka yako atakuja kunichukua mwisho wa mwezi nikakae kwake. Nimemwambia mwenyewe, hakunilazimisha. Mtu mwenye hali hii haachwi peke yake na jiko."

Daktari aliweka daftari mezani.

"Baba, hukukosea kitu. Nilikuja hapa Jumapili ukiwa hospitali. Nilibadilisha diski, nikaichukua ile ya zamani, sikujaribu. Mimi ndiye niliyeiharibu."

"Mpigie kaka yako," mzee alisema. "Mwambie hivyohivyo, na mimi nisikie."

Akapiga, akaweka sauti ya nje, akarudia yote tangu mwanzo. Kaka yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Dada, najua unampenda Baba," alisema. "Lakini tusimfiche. Ukimfunika leo, kesho ataunguza nyumba. Wewe, unayewasema wenzako kila siku kwa kosa hilohilo, leo ndiyo umelifanya wewe?"

Alipokata simu, mzee alikuwa ameinamia kikombe chake.

"Unanifichia?" aliuliza, taratibu kabisa.

Daktari alizima mashine, akamsogezea baba yake kiti, akafungua kifuniko mbele yake. Akamwonyesha diski mpya, ndogo na nyembamba, halafu ile ya zamani yenye vumbi la miaka. Akaichomoa ya zamani, akamwambia awashe. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakatokea, neno kwa neno yale ya Jumatatu. Akaichomeka tena. Mashine ikawaka.

"Rudia," mzee alisema.

Akarudia. Mara ya tatu mzee aliichukua diski mwenyewe, akaichomoa kwa vidole vyake virefu visivyotetemeka, akaona maandishi, akaichomeka, akaona picha ya mkewe. Akaegemea kiti. Mabega yake yakashuka, na kwa kitambo alionekana kama mtu aliyeruhusiwa kutoka wodini. Alicheka kidogo, akajipangusa macho kwa kiganja. Daktari naye akaanza kucheka, akadhani yamekwisha.

"Kwa hiyo nilipokupigia Jumatatu," mzee akasema, bado anakitazama kioo, "ukaniambia labda nilizima vibaya, ulikuwa hujajua bado?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutorokea, na mzee alikuwa ameufungua mwenyewe kwa huruma ili binti yake apite. Daktari aliuona vizuri.

"Nilikuwa najua, Baba," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, mara moja tu. Kisha akavuta kibodi karibu na kuanza kumwandikia mhariri kwamba wiki hii kulikuwa na hitilafu ya mitambo, kazi itafika Alhamisi kama kawaida. Aliandika kwa vidole viwili, bila kukosea herufi. Hakumwambia binti yake akae, wala hakumwambia aende.