Kisanduku cha "Vizuri"

Binti mtafiti aliitwa Yajaira. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda papo hapo. Chuo chake kilitaka kujua sisi Walatino, wahamiaji wa lugha ya Kihispania, tunajionaje, weupe, weusi au vipi, ndiyo maana alikuja mtaani kwetu Washington Heights kutuuliza, mimi na dada yangu Nereida.

Alimpa dada kadi yenye picha za mikono kumi, kuanzia mweupe pee hadi mweusi tititi.

"Mkono wako unafanana na upi, bibi?"

"Andika wa saba. Kiangazi, wa tisa."

"Chagua mmoja tu."

"Haya, wa nane, tusigombane. Na Ercilia huyu mwandike wa tatu. Mama alikuwa na haraka, akamwepua kabla hajaiva."

Tulicheka mpaka nikamwaga kahawa. Lakini nilikuwa nimeshachungulia karatasi na kuliona swali la mwisho: nyumbani kwenu, uliwahi kutendewa vibaya kwa sababu ya rangi yako? Tulipokuwa wadogo kule kwetu Jamhuri ya Dominika, kila Jumapili mama alinivalisha mimi na kunipeleka kwa shangazi mjini. Nereida alibaki na kuku. Miaka sitini hatujaligusa jambo hilo, na niliogopa kwamba siku tukiligusa nitampoteza dada yangu.

Yajaira alilisoma swali hilo polepole, kisha akasema, "Ukitaka, tunaliruka."

"Tuliruke, kwani ni dimbwi? Andika ndiyo. Mama. Shangazi pia. Na huyu."

"Mimi?" nikauliza.

"Wewe. Ulikuwa unaona, unanyamaza."

Zamu yangu ilipofika, nilimgeukia Yajaira.

"Mimi nilitendewa vizuri. Kwa sababu ya rangi hiyohiyo. Utaandika wapi?"

Yajaira aligeuza karatasi huku na huku. "Hapa kuna 'vibaya' tu, bibi. Kisanduku cha 'vizuri' hawakuweka."

"Wasomi wote hao!" dada akasema. "Basi mwandikie pembeni."

Akaandika pembeni, kwa herufi ndogondogo, bila kunikatisha. Nilieleza yote: gauni, basi la mjini, na jinsi nilivyogeuza uso nisimwone dada yangu pale uani. Nereida alisikiliza mpaka mwisho.

"Jibu langu libaki vilevile," akamwambia Yajaira. "Ila ongeza: leo amesema."

Kisha akanivuta kwake, akanipangusa mashavu kwa mkono wa sweta lake.

"Acha kulia, mama wee. Unanilowanishia kitambaa cha meza."